Kila Mtu na Bakuli Lake

Tumerudi kutoka Tabora kumzika dada yangu Dafroza, na tangu nirudi sijaweza kupika tambi. Mgahawani kwangu hapa Majengo wateja wananiuliza, "Mama, leo tena hakuna tambi?" nami nawajibu zimekwisha madukani. Uongo mtupu, katoni mbili ziko uvunguni mwa kitanda changu. Dada hakufa kwa ule ugonjwa tuliokuwa tukiuogopa. Alikufa kwa presha, akiwa na miaka hamsini na minne, baada ya kumeza vidonge vya ugonjwa ule bila kukosa kwa zaidi ya miaka ishirini. Kule msibani niliombwa niseme machache kama ndugu wa marehemu. Nikasema alikuwa mcheshi, alikuwa mchapakazi, alimpenda Mungu. Watu wakaitikia, nikaenda kukaa. Nilichopaswa kusema hakikuwa hicho, na kwa kuwa mdomo ulinishinda mbele ya jeneza, acha mkono ujaribu. Nitaandika habari za mwaka mmoja tu, mwaka niliofanya kazi kwa mwalimu Haruko. Yaliyobaki ya maisha yangu ni kuamka alfajiri na kuwasha moto, na hayo kila mtu wa mji huu anayajua.

Mwalimu Haruko alikuja kutoka Japani kufundisha hesabu katika sekondari moja ya hapa Mpanda, akapanga nyumba ya vyumba viwili jirani na reli. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimekaa nyumbani natazama paa, nikasikia anatafuta binti wa kumsaidia kufua, kuchota maji na kupika. Kupika kwangu kulidumu siku nne. Siku ya tano alinikalisha kwenye kiti, akaniambia kwa Kiswahili chake cha polepole, "Skola, maharage yako matamu sana, lakini tumbo langu linalia. Leo nitapika mimi, wewe tazama." Basi nikatazama. Tambi zilikuwa zile zile za pakiti tulizozoea kuzipika na sukari siku ya sikukuu, lakini yeye aliomba magadi. Magadi kwetu ni ya kulainishia maharage na mlenda! Alitupa kipande kidogo kwenye maji yanayochemka ndipo akatia tambi, nazo zikageuka za manjano, zikawa zinateleza na kuvutika. Supu aliipika kwa mifupa ya kuku, tangawizi, uyoga mkavu wa porini alioununua kwa akina mama sokoni, na dagaa wakavu wa Ziwa Tanganyika, ambao aliwakata vichwa na kuwatoa matumbo mmoja mmoja ili supu isiwe chungu. Dagaa wakishaacha utamu wao ndani ya maji, aliwachuja na kuwatupa. Mara ya kwanza kuona dagaa wanatupwa nilijishika mdomo. Yai alilichemsha akiikodolea macho saa yake, dakika sita na nusu, akalimenya na kulilaza kwenye sosi nyeusi ya soya aliyokuja nayo kwao, likatoka na rangi ya chai ya rangi. Ukilikata katikati, kiini kinakutazama kibichi.

Kilichonitia uchungu ni mabakuli. Yeye alikuwa na bakuli lake la buluu, na wiki ile ile alirudi kutoka sokoni na bakuli la njano, akaniambia hili ni lako. Nilijua maana yake, au nilidhani najua. Nyumbani kwetu tulikula sinia moja, ugali katikati, mboga pembeni, mikono yote inakutana, na mtu akipewa chombo cha peke yake ujue kuna jambo. Nikasema moyoni, kumbe Mjapani huyu ananiona mchafu. Wiki nzima niliosha vyombo vyake kwa hasira, navigonganisha makusudi. Alipogundua nimenuna alicheka mpaka akakaa chini. "Skola, kwetu baba ana bakuli lake, mama lake, bibi lake, na mimi langu. Kila siku, miaka yote. Bibi alipokufa, bakuli lake tulilia nalo. Siyo ubaya. Ni kama jina." Nikamwelewa, nikalipenda bakuli langu la njano, na nikajiona mtu aliyetembea duniani kuliko wote wa mtaa wetu.

Dada Dafroza alirudi nyumbani msimu wa palizi, juu ya lori la mpunga, na sanduku la bati na godoro lililokunjwa. Aliolewa Kibaoni. Mumewe alikonda, akakohoa, akafa, na arobaini ilipokwisha ndugu wa mume wakamwambia arudi kwao akapumzike. Hakuwa na mtoto wa kumzuia. Hakuna aliyeutaja ugonjwa kwa jina lake. Mtaani walisema ameukwaa, ana mdudu, ana ngoma. Nyumbani tulisema Dafroza hajisikii vizuri. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka nikachelewa kutembea, ndiye aliyenisuka nywele, ndiye ambaye kila tukipika kuku alikuwa akikichukua kipande chake na kukiweka mbele yangu bila kusema neno. Kwetu kipande kilichotoka kwa mkubwa wako hakikataliwi, hata ukiwa umeshiba mpaka kooni. Sasa alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa chumba cha nyuma, shingo imekuwa ndefu, anatutazama sisi tukinawa mikono kuzunguka sinia. Mama alimtafutia bakuli la plastiki la kijani, kikombe na kijiko, akavihifadhi kwenye kikapu peke yake chini ya dirisha. "Wewe mgonjwa, mwanangu," alimwambia, "ukigombania sinia na kaka yako Deo utalala njaa. Kula lako taratibu." Alisema kwa sauti ya upendo, na upendo ulikuwepo kweli, maana nyama nono zote zilikwenda kwenye lile bakuli la kijani. Lakini kikapu hakikuwahi kuchanganywa na vyombo vingine, na maji ya kuoshea vyombo vyake yalimwagwa nyuma ya choo.

Jioni moja nilikuwa naanua nguo, nikawasikia Baba na Mama wakizungumza ndani. Baba alisema, "Redioni wametangaza haiambukizi kwa kula pamoja." Mama akamjibu, "Hao wa redioni wanakula naye? Baba Deo, usinifanye mimi ndiyo mbaya. Simchukii mwanangu. Lakini nina wengine." Nikasimama pale na shuka ambalo halijakauka kifuani nikimhukumu mama yangu. Nilijiona mwema. Nilifanya kazi kwa mzungu, maana kwetu Mjapani naye alikuwa mzungu, nilikuwa nimesoma vipeperushi vyote vilivyobandikwa zahanati, na nilijua kwa kichwa kila njia ambayo ugonjwa unapita na kila njia ambayo haupiti.

Kwenye mvua za mwisho Dafroza akaanza kukataa chakula. Bakuli lilirudi kama lilivyokwenda. Muuguzi wa zahanati alituita mimi na Mama pembeni, akatuambia hapa kwetu dawa za kurefusha maisha bado, lakini Tabora zimeanza kutolewa, na huyu akiwahi mwili wake utapata nguvu tena, akichelewa tusimlaumu mtu. Usiku na mchana nikambembeleza dada apande treni. Alinijibu mara moja tu, akiwa amelala ubavu, ameelekea ukutani. "Nitakwenda na nani, Skola? Mtu anayeogopa kijiko changu atanishikaje nikitapika ndani ya treni? Nitafutie mtu mmoja nyumba hii asiyeniogopa, nitakwenda naye hata kesho." Nikamwambia, "Mimi sikuogopi, dada. Nitakwenda na wewe mimi." Akageuka, akanitazama. "Haya," akasema. "Tutaona."

Nilikwenda kazini nikiwaza hilo "tutaona", na nikiwa naosha lile bakuli langu la njano, nikapata akili ambayo wakati ule niliiona ni ya Mungu mwenyewe. Nikiwapikia watu wa nyumbani tambi za mwalimu, kila mtu atakuwa na bakuli lake! Baba na lake, Mama na lake, Deo na lake. Hakutakuwa na sinia, kwa hiyo hakutakuwa na aliyetengwa na sinia. Dafroza atakaa mkekani na wenzake, ataona haogopwi, atakula, tutapanda treni. Mwalimu Haruko nilipomweleza alifungua kabati na kutoa chupa ya sosi iliyobakia nusu. Nikamwomba aje. Akatikisa kichwa, "Hapana. Hiki ni chakula cha familia." Nikanunua mabakuli matano ya udongo yenye maua, yote pacha. Kaka Deo, aliyekuwa fundi seremala, alituchongea vijiti jozi tano kwa vipande vya mninga, huku akilalamika kwamba mti wa kutengenezea vitanda vya mabwana harusi sasa unatumika kuvulia tambi.

Ilikuwa Jumapili. Nilianza kupika baada ya misa, na kufika saa kumi jiko letu la nje lilikuwa limejaa harufu isiyo ya kwetu wala ya ugenini. Mama alikaa kwenye kinu kilicholazwa akinisimamia. Nilipochuja dagaa na kutaka kuwatupa alisimama. "Yesu, Maria na Yosefu! Dagaa wazima hao?" Nikamweleza utamu wao umeshaingia kwenye supu. "Utamu umeingia kwenye supu, na wao wenyewe wameingia wapi? Lete hapa." Akawanyang'anya, akawakaanga na nyanya, na mpaka leo sijui mpishi gani alikuwa na haki. Alipoona mayai alisema haya ya kutotolesha vifaranga. Baba alichungulia mlangoni mara mbili kuuliza ugali unapikwa saa ngapi. Nikamwambia leo hakuna ugali. "Hakuna ugali," akarudia kwa masikitiko, kama aliyeletewa taarifa ya msiba wa mbali, akaenda zake.

Nilitandika mkeka sebuleni jua likiwa bado liko dirishani. Nikapanga mabakuli duara, tambi chini, mchicha upande mmoja, uyoga upande mwingine, nyama ya kuku, majani ya vitunguu, yai nusu mbili juu, kisha nikamimina supu ikitoa moshi. Mabakuli matano, huwezi kujua lipi la nani. Nikaenda mlangoni mwa chumba cha nyuma, nikasema, "Dada, karibu mezani," ingawa meza haikuwepo. Alikuwa amevaa gauni lake la kitenge la arusi ya binamu yetu, limempwaya. Alitazama duara, akatazama mabakuli, akaelewa. Namjua dada yangu; alielewa yote palepale. Akakaa kati yangu na Mama, na Mama akasogea kumpisha, akasogea kidogo tu, kiasi cha mtu yeyote kumpisha yeyote.

Nilipowaambia kwamba kwa kina mwalimu kuvuta tambi kwa kelele ndiyo adabu, Baba hakuamini. "Yaani nipige makelele?" Deo hakungoja kuulizwa. Alivuta tambi kwa sauti ya pampu ya baiskeli, supu ikamrukia usoni, na Baba, aliyetulea kwa fimbo tusile kwa sauti, akajaribu kwa aibu, akajaribu tena, akapata mdundo. Vijiti vilimshinda, akatumia vidole. Mama alikuwa anazikusanya tambi kwa kijiko na kuzikaripia. Aliyeviweza vijiti ni Dafroza peke yake. Mikono yake ilikuwa ya kusuka mikeka tangu utotoni, na vidole vile vyembamba vilishika vijiti kana kwamba vimezaliwa navyo. Alikula tambi, akala uyoga wote, akanywa supu. Baba aliposhtukia tambi moja imemning'inia kidevuni, Dafroza alicheka. Hatukuwa tumesikia cheko hilo tangu ashuke kwenye lori. Mama aliinamisha uso kwenye moshi wa bakuli lake na kukaa hivyo muda mrefu kuliko supu ilivyohitaji. Mimi nilikuwa na furaha ya kiburi. Nilijiambia, umeona, imewezekana.

Ndipo dada alipochukua nusu yai. Lilikuwa limebaki kwenye bakuli lake, amelihifadhi la mwisho kama alivyokuwa akihifadhi kila kitu kizuri. Alilinyanyua kwa vijiti alivyokuwa akivitia mdomoni, kiini kinatikisika, akalivusha taratibu bila kudondosha tone, akaliweka ndani ya bakuli langu. "Kula, mdogo wangu. Mpishi hashibi harufu." Wote walitazama. Hapakuwa na jambo la ajabu machoni pa mtu asiyetujua: dada anampa mdogo wake kipande, kama miaka yote. Nami nililiangalia lile yai likielea kwenye supu yangu, na vipeperushi vyote nilivyovisoma vikanitoka kichwani. Mwili wangu ulikuwa haujavisoma. Sikuweza hata kusingizia kiini kibichi kwa sababu langu nilikuwa nimekula mbele yao nikijilamba. Niligusa yai kwa kijiti. Nikalizungusha. Nikasema, "Ngoja nikalete chumvi," nikainuka na bakuli langu mkononi. Nani anakwenda kuleta chumvi na bakuli mkononi?

Jikoni nilimwaga kila kitu kwenye majivu, supu, tambi na yai, nikaanza kufukia kwa kijiti cha mninga haraka haraka. Nilipogeuka, dada alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja nyuma yangu na bakuli lake tupu, nadhani kuomba supu ya kuongeza. Maana kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi alikuwa na njaa. Alitazama majivu yenye moshi. Alinitazama mimi. Laiti angenitukana. Laiti angenipiga kofi, ningelia, angenibembeleza kama zamani, na mambo yangeisha. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuelekezana vitu vya nyumbani, "Chumvi iko pale juu, nyuma ya kopo la majani ya chai." Akarudi sebuleni. Nilipoingia nikiwa na chumvi nisiyoihitaji, alikuwa anawaambia, "Skola amemaliza lote, mpaka kaficha bakuli tusimwombe." Wakacheka. Nami nikacheka nao.

Kesho yake asubuhi alimwomba Mama lile bakuli la kijani. Mama mwenyewe alishangaa, akamwambia kula tu kwenye hili la maua. "Hapana, nimelizoea lile," akasema. Siku ya treni nilifunga nguo zangu kwenye kifurushi kama nilivyoahidi, nikamkuta amekwisha kujitwisha sanduku. "Wewe baki, mdogo wangu. Kazi ya mwalimu utamwachia nani?" Hakukuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo lililonifunga miguu. Ningeweza kupanda kwa nguvu, tiketi si kitu cha ajabu. Nilibaki kwenye jukwaa la stesheni na kifurushi changu, mgonjwa amesafiri peke yake usiku mzima, na aliyeapa kumshika ni mimi.

Tabora walimpokea. Alipata dawa, akapata nguvu, akapata chumba, akaanza kusuka mikeka, akabaki hukohuko. Mwaka ule uliisha mwalimu Haruko akarudi kwao, akaniachia jiko lake na maarifa yake, na ndiyo niliyoanzia mgahawa. Dafroza alikuja nyumbani mara chache, kwa misiba ya wazazi na arusi ya Deo. Alinikumbatia, alinitania, alinibebea zawadi za asali. Nikimwekea chakula alisema, "Nimekula njiani, mdogo wangu." Miaka ishirini na zaidi, nusu ya mji wa Mpanda imekula mkono wangu, na dada yangu kila safari alikuwa amekula njiani. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wa kwangu amekua, ameota ndevu, na hataki kuhama kwangu. Kwa muda mrefu nilidhani kosa langu ni lile yai. Siku hizi nadhani kosa lilianza mapema zaidi, siku niliyojiona nina akili kwenye karai la vyombo. Mama alimwogopa wazi. Mimi nilitafuta njia ya kula naye bila kula naye, nikaipamba kwa maua, nikaiita upendo, na yeye aliniwekea nusu yai ili ajue.

Baada ya mazishi tulikaa uani kwake Tabora tukigawiwa wali. Walijaa akina mama wengi, wengine wakiwa hai kwa sababu dada aliwafuata majumbani mwao na kuwapeleka kliniki kwa mkono wake. Mmoja wao, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, alinijia akiwa ameshika sahani. "Wewe ndiye Skola?" Nikaitikia. Akawageukia wenzake. "Jamani, huyu ndiye Skola wa zile tambi!" Wakanizunguka. Akanishika mikono yote miwili. "Dada yako alitusimulia kila alipompokea mgeni mpya kwenye kikundi chetu cha wanaomeza dawa. Kwamba nyumba nzima walimtenga, wewe ukampikia chakula cha Kijapani, ukamkalisha mkekani kati yako na mama yenu, akala mpaka akacheka. Alikuwa anasema, mimi nilipanda treni kwa sababu ya mdogo wangu, yeye hakuniogopa. Mwe! Wewe hujui umetuponya wangapi."

Wote walikuwa wananitazama, wengine wakilia. Ilikuwa nafasi ya kusema, na hakukuwa na mtu pale ambaye asingenielewa. Yule mama akaketi karibu yangu, akaweka sahani yake ya wali katikati yetu, akasema tule. Nikanawa, nikala naye mpaka tukamaliza, na waliponishukuru tena nikasema asanteni.